Maji hayapandi yenyewe: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya bomba na jenereta

Kila kijana anayekuja karakanani kwangu huuliza swali lile lile kabla hajamaliza miezi miwili. Ameshafunga sinki mbili tatu zenye jina la Kohler. Siku moja tunaitwa kwenye lodge nje ya Arusha, jenereta imegoma, anafungua kibanda, anamulika kwa tochi ya simu, na pale kwenye injini anakuta jina lile lile. "Fundi, hawa si watu wa vyoo?"

Ndio hao hao. Na mimi niliuliza hivyo hivyo zamani. Mzee aliyenifundisha kazi alinijibu neno moja tu, "Pampu," akaendelea kuzungusha katani kwenye nyuzi za jointi. Nilidhani ananifukuza kistaarabu. Ilipita miaka ndipo nikamwelewa, tena baada ya kuisoma historia ya kampuni yenyewe. Nawaandikia ili ninyi msingoje miaka hiyo.

John Michael Kohler alizaliwa Austria mwaka 1844, akaletwa Marekani akiwa mtoto wa miaka kumi. Alipokua akaoa binti wa Jacob Vollrath, mtu wa chuma wa Sheboygan, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Michigan katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1873, wakati mabenki ya Marekani yanaanguka moja baada ya jingine, yeye na mwenzake wakanunua kiwanda cha kusubu chuma cha mkwewe. Walikuwa wakitoa nini? Zana za kilimo, vyuma vya kupelekwa kwenye viwanda vya samani, viti vya bustani, hata misalaba ya makaburini. Kwa miaka kumi hivi biashara ilikuwa hiyo, na vitu vya bafuni havikuwa na nafasi ndani yake.

Hapo ndipo ninapowasimamisha. Wengi mnafika mkiniambia "mimi nataka kuwa fundi wa bafu", "mimi nataka sola". Hilo ni jina la bidhaa. Nikiwauliza mkono wako unajua nini, mnanyamaza. Kohler wa 1873 angejibu bila kufikiri: najua kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu ya mchanga. Mengine yote yaliyofuata kwa miaka mia na hamsini yalianzia kwenye jibu hilo.

Mwaka 1883 akachukua birika la chuma, lile la kunyweshea farasi, ambalo wakulima walilitumia pia kumwagia nguruwe maji ya moto ili manyoya yatoke. Akalipaka enameli, akaliingiza kwenye katalogi na maelezo kwamba ukilitia miguu minne linafaa kuwa hodhi la kuogea. Kampuni yenyewe husimulia kwamba la kwanza lilichukuliwa na mkulima mmoja aliyelipa ng'ombe mmoja na kuku kumi na wanne. Sina sababu ya kubisha. Mimi mwenyewe nimewahi kulipwa mbuzi kwa kazi ya tanki, na yule mbuzi alikuwa na thamani kuliko hundi nyingi nilizoahidiwa.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni enameli ilitoka wapi. Yule mkwe, Vollrath, alikuwa ameanzisha kiwanda kingine mwaka 1874, hapo hapo Sheboygan, cha sufuria, sahani na vikombe vya enameli. Mnavijua: vile vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa bluu ambavyo bibi zetu wanavyo mpaka leo. Kwa hiyo kijana hakushushiwa ndoto usiku. Ufundi ulikuwa kwenye ukoo, upo kwenye kikombe, yeye akauweka kwenye birika. Ukitaka wazo jipya, kwanza angalia jirani yako anafanya nini na vitu vidogo.

Sasa sogeeni karibu kidogo, maana hii enameli mtakutana nayo. Chuma cha kusubu, sisi tunakiita kasti, huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,200 za Selsiasi hivi, kinamiminwa kwenye mchanga, kinapoa, kinasafishwa. Kisha hodhi zima linaingizwa tanuruni mpaka linawaka jekundu. Linatolewa likiwa jekundu hivyo hivyo, na fundi amesimama mbele yake na chekeche lenye unga wa kioo. Anaupepeta juu ya chuma, na unga unayeyuka pale pale unapogusa. Linarudi tanuruni, linatoka, anapepeta tena. Weupe unaouona si rangi ya kupaka, ni kioo kilichoshikana na chuma. Ndiyo maana hodhi la namna hiyo linatunza joto la maji, ukiligonga kwa kifundo cha kidole linaitika kwa sauti nzito, na watu wanne hawalipandishi ngazi bila kutukanana.

Na kwa kuwa ni kioo, halipendi kupigwa na nyundo, na la zamani halipendi asidi kabisa. Hili nalijua kwa gharama. Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kusafisha hodhi kwenye nyumba moja ya enzi za mkoloni. Lilikuwa na mchirizi wa kutu chini ya bomba, mrefu kama mkono. Nikamwaga asidi ile tunayotumia kwenye vyoo, nikaenda kunywa chai. Niliporudi kutu imetoka, na mng'ao umetoka nayo. Kila ilipopita asidi pamekuwa kama chaki, ukipitisha kidole panakwaruza. Mwenye nyumba hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Basi lichukue wewe." Nikakatwa pesa miezi mitatu, hodhi tukalipakia kwenye pikapu watu sita. Lipo kwa mama mpaka leo, Meru, linanywesha ng'ombe wawili. Nilipokuja kusoma habari za birika la 1883 nilicheka peke yangu: yule bwana alilitoa kwa mifugo akalipeleka bafuni, mimi nimelirudisha kwa mifugo.

Turudi kwa neno la mzee. Pampu.

John Michael alifariki mwaka 1900, kampuni ikiwa ndiyo kwanza inahamishia kiwanda mashambani magharibi mwa Sheboygan. Wanawe wawili nao wakafa ndani ya miaka michache, na mwaka 1905 usukani ukashikwa na mwanawe mwingine, Walter. Mwaka 1911 walitoa hodhi la kujengea ukutani ambalo upande wa mbele umesubiwa pamoja na hodhi lenyewe, kipande kimoja. Mjini liliuzika vizuri. Lakini Marekani ya wakati ule ilikuwa na mamilioni ya watu mashambani ambao hawakuwa na umeme. Utamuuzia mkulima hodhi, sinki na choo cha kuvuta, halafu? Maji yako kisimani, bafu liko ghorofani. Nani ayapandishe? Mkewe na ndoo?

Mwaka 1920 Kohler wakatoa mtambo wao wa umeme: wati 1,500, volti 110. Washindani wao wakati huo waliuza mitambo ya volti 32 iliyotegemea safu ya mabetri makubwa, yanayojazwa na kupungua na kuharibika. Mtambo wa Kohler ulikuwa na betri ndogo ya kuwashia tu. Mtu akiwasha taa moja ndani ya nyumba, injini inajiwasha yenyewe. Akizima ya mwisho, inazima. Na kwa volti 110 mkulima angeweza kutumia vifaa vile vile vya watu wa mjini, pampu ikiwemo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 msafara wa Richard Byrd, mpelelezi wa Kimarekani wa nchi za barafu, ulikwenda na mitambo hiyo Antaktika.

Mimi sioni kampuni mbili hapo, ya bafu na ya injini. Naona bomba moja refu: mwanzo wake kwenye krenki ya injini, mwisho wake kwenye bomba la mvua.

Na hili ndilo ninalotaka likae vichwani mwenu kuliko mengine yote. Nilipoanza kujitegemea niliitwa kwenye nyumba ya ghorofa moja, bomba la mvua la juu halitoi maji. Nikafungua mikisa, ile inayochanganya maji ya moto na baridi, nikaisafisha, nikairudisha. Hamna kitu. Nikafungua tena, nikabadilisha katriji. Hamna. Mara ya tatu nikaanza kumwambia mama mwenye nyumba kwamba mikisa ni feki. Dada wa kazi, aliyekuwa anafua pale chini, akauliza kwa upole, "Kaka, ile mashine ya kwenye kisima si imezima tangu jana umeme ulivyokatika?" Tanki lilikuwa tupu. Nilikuwa natibu mdomo wa mtu ambaye hajala.

Tangu siku hiyo sifungui spana kabla sijauliza mambo matatu, tena kwa mpangilio: maji yanatoka wapi, nini kinayapandisha, na hicho kinachopandisha kinakula nini, umeme wa TANESCO, jenereta au jua. Nusu ya simu ninazopigiwa kuhusu "bomba bovu" huishia kwenye la pili au la tatu. Fundi bomba asiyejua hata kusikiliza injini kama inawaka sawasawa ni nusu fundi. Na fundi jenereta asiyejua kwamba mteja hataki umeme bali anataka kuoga, naye ni nusu.

Soko la mashambani halikudumu. Mwaka 1935 serikali ya Marekani iliunda wakala wa kupeleka umeme vijijini, na nguzo zilipofika, mkulima hakuhitaji tena mtambo wake wa kila siku. Jenereta ikabaki kazi ya dharura. Ujuzi wa injini haukutupwa, baada ya vita ukahamia kwenye injini ndogo zinazopozwa kwa hewa, kuanzia mwaka 1948. Trekta dogo la bustani la Cub Cadet lilipotoka mwaka 1961 lilikuwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi saba. Kwa upande wa bafu tayari walikuwa na vyoo vya udongo wa kuchoma na mabomba ya shaba, na mwaka 1927 walianza kuuza seti ambazo choo, sinki na hodhi vina rangi moja, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu kioo juu ya chuma na kioo juu ya udongo havitoi rangi sawa kwenye tanuru.

Sasa sehemu ambayo nikiisimulia vijana husogea mbele na mabosi hutazama saa.

Walter Kohler alitaka kiwanda kisizungukwe na vibanda. Mwaka 1912 kijiji cha Kohler kikaandikishwa rasmi, na ramani yake ikachorwa na Olmsted Brothers, wapangaji wa bustani na miji waliokuwa na jina kubwa nchini humo. Mitaa ya kupinda, miti, nyumba ambazo wafanyakazi waliweza kuzinunua. Mwaka 1918 wakafungua jumba lililoitwa American Club kwa ajili ya wafanyakazi wahamiaji waliokuwa hawajaoa: malazi, chakula, masomo ya Kiingereza na uraia. Ukilinganisha na kambi za mkonge ambazo wazee wetu wa Tanga wanazisimulia, utasema hapa mtu kapata bahati. Walter mwenyewe akachaguliwa kuwa gavana wa Wisconsin, 1929 hadi 1931.

Kisha Julai 1934 wafanyakazi wakagoma. Tarehe 27 ya mwezi huo, ndani ya kijiji kile kile chenye miti, walinzi wakafyatua risasi. Watu wawili walikufa, zaidi ya arobaini wakaumia.

Mwaka 1954, Aprili, wakagoma tena, safari hii kampuni ikiwa chini ya Herbert, ndugu wa Walter kwa baba. Mgomo huo ulipita miaka sita na unahesabika kati ya mirefu kabisa katika historia ya Marekani. Ndugu hawakusalimiana makanisani. Bunge la Seneti lilifanya vikao kuhusu jambo hilo, na Robert Kennedy, wakati huo mwanasheria wa kamati, alikwenda mwenyewe kukiona kiwanda. Mwaka 1960 bodi ya serikali ya uhusiano kazini iliamua kwamba kampuni ilikuwa imevunja sheria, na mwaka 1965 ikakubali kulipa dola milioni 4.5 za mishahara ya nyuma na pensheni.

Miongoni mwa madai ya wagomaji kulikuwa na mapumziko ya chakula kwa watu wa enameli. Kumbukeni yule fundi na chekeche lake mbele ya chuma chekundu. Huyo ndiye aliyekuwa anaomba muda wa kula kwa utulivu.

Sisemi familia ile ilikuwa ya watu wabaya. Nadhani waliamini kabisa kwamba wametoa kuliko walivyodaiwa, na mtu mwenye imani hiyo ni vigumu kumwambia kitu. Mkandarasi mmoja niliyewahi kumfanyia kazi alituwekea banda zuri la kupumzikia, lina feni na televisheni ya kuangalia mpira. Ukidai malipo ya saa za ziada anakukumbusha televisheni. Wadogo zangu, mkipata vijana wenu wa kuwaongoza, na mtapata mapema kuliko mnavyodhani, malipo yalipwe kama malipo na zawadi ibaki zawadi. Na saa saba vijana wapate kula. Zege linaweza kusubiri. Kama haliwezi, panga kazi upya usiku uliotangulia.

Miaka iliyofuata nitaipita kwa kasi. Mwaka 1972 uongozi ulichukuliwa na Herbert mdogo, mjukuu wa mwanzilishi, akaushika zaidi ya miaka arobaini. Lile jumba la wahamiaji akaligeuza hoteli ya kifahari mwaka 1981, akajenga viwanja vya gofu vilivyopata mashindano makubwa ya dunia. Kombe la Ryder la 2021 lilichezwa huko. Mwaka 2015 mwanawe David akawa mkurugenzi mkuu, na mzee akafariki Septemba 2022. Wale wa mpira mlishaliona jina hilo bila kujua: kuanzia msimu wa 2018 lilikuwa kwenye mkono wa jezi ya Manchester United. Waulizeni wateja wenu, wapo wanaoamini Kohler ni kampuni ya jezi.

Kwa kazi yetu, miaka ya kukumbuka ni mitatu. Mwaka 2005 walinunua SDMO, watengenezaji wa jenereta kutoka Brest, Ufaransa. Mwaka 2007 wakanunua Lombardini ya Italia, ile ya injini ndogo za dizeli. Na mwaka 2024 familia ikaachia sehemu kubwa ya upande wote wa nishati, jenereta na injini pamoja, kwa kampuni ya uwekezaji ya Platinum Equity, yenyewe ikibaki na hisa kiasi. Upande huo ukapewa jina Rehlko. Panga upya herufi utaona ni Kohler limevurugwa, utani ambao bila shaka mtu alilipwa vizuri kuufikiria. Bomba lile refu limekatwa katikati baada ya miaka 104, na bafu likabaki kwa familia.

Kwa hiyo mtakuta jenereta zilizoandikwa SDMO, nyingine Kohler, nyingine Rehlko, na injini za Lombardini zenye jina hili au lile. Msibishane na mteja kuhusu ipi ni orijino kwa kuangalia jina lililobandikwa ubavuni. Angalieni kibati. Kwenye injini za petroli za Kohler kibati kina mistari mitatu: modeli, speki na siriali. Vijana wanakimbilia modeli kwa sababu ndiyo imeandikwa kwa herufi kubwa. Nilifanya hivyo na mimi. Niliagiza kabureta kwa namba ya modeli peke yake, ikasafiri wiki mbili, ikafika, matundu ya boliti hayalingani. Modeli ni jina la ukoo. Speki ndiyo inayosema injini hii ilitengenezewa mashine gani, kwa hiyo shafti yake ina urefu gani na imefungwa kabureta ipi. Injini mbili za modeli moja zinaweza kugombana kwa spea nyingi. Andika namba zote tatu kwenye daftari siku ya kwanza unapoiona mashine, kabla haijaharibika, na piga picha.

Kijana niliye naye sasa nilimwambia hayo yote wiki iliyopita, akaitikia vizuri. Jumamosi akanitumia picha kwa WhatsApp kutoka saiti. Kibati cheusi kwa oili na vumbi, hakisomeki kitu. Nikamwandikia: futa taratibu na kitambaa chenye maji ya sabuni, usikwangue.

Akajibu, "Fundi, nimeshapiga msasa."